Suguta, bonde linalosomeka kutoka juu

Sisi tuliokulia juu ya mawe ya matumbawe ni rahisi kudhani kwamba ardhi ilikwishaumbwa na kazi ikaisha. Unguja haina volkano hata moja. Kwa hiyo wanafunzi wangu wa jiolojia wakiniuliza waende wapi kuiona ardhi ikiwa bado inaumbwa, huwatajia Bonde la Suguta, kaskazini mwa Kenya. Na huwaambia, ikipatikana nafasi ya helikopta, wasiiache.

Si kwa anasa. Joto la kule hupita nyuzi 40, na lava iliyoganda ina makali ya kuchana viatu. Lakini hata anayestahimili yote hayo, akiwa chini ataona jiwe baada ya jiwe tu. Angani huonekana kwa nini kila kitu kimekaa kilipokaa.

Mimi hupenda safari ianzie kusini, kwenye Silali, volkano ambayo kilele chake kiliporomoka kikaacha shimo pana lenye kuta za wima. Chini yake, Kapedo, zinabubujika chemchemi za maji ya moto zinazoulisha Mto Suguta. Ukiufuata mto kwenda kaskazini, kuta za Bonde la Ufa zinashuka kwa ngazi pande zote mbili. Hapa ardhi ya Afrika inavutwa mashariki na magharibi. Tabaka la juu linapungua unene, sehemu ya kati inadidimia, na mawe yaliyoyeyuka yanapanda kupitia nyufa. Tazama vilima vya volkano vilivyojipanga kwa safu: chini yake kuna ufa.

Mto wenyewe haufiki baharini wala Ziwa Turkana. Unaishia Logipi, ziwa la magadi lisilo na kina, ambako heroe hukusanyika kwa maelfu. Kilichouzuia ni Barrier, kundi la volkano lililoota katikati ya bonde na kulikata vipande viwili. Upande wa pili ndiko liliko Turkana, na maji ya Logipi yako chini kuliko ya Turkana! Jambo hilo husomwa kwenye ramani, lakini rubani akipanda juu ya Barrier ukaona maziwa yote mawili kwa pamoja, hutalisahau tena.

Kisha angalia miteremko. Ile mistari ya mlalo ni fukwe za kale. Mvua za Afrika zilipokuwa nyingi, kabla ya miaka 5,000 hivi iliyopita, humu mlikuwa na ziwa lenye kina cha karibu mita 300. Jangwa lote hilo lilikuwa chini ya maji.

Machi 1888 msafara wa Sámuel Teleki, mpelelezi kutoka Hungaria, ulifika ncha ya kusini ya Turkana na kuikuta volkano moja ya Barrier ingali hai. Leo ina jina lake. Wapagazi wake wengi waliandikwa kazi hapa Zanzibar, na mimi naona wao wangestahili kutajwa kwanza, maana mizigo ilikuwa vichwani mwao.

Kuhusu kuruka: nendeni alfajiri. Hewa ya moto ni nyepesi, mapanga ya helikopta hayapati cha kushika, na chombo kinachobeba watu wanne asubuhi huenda kisiwainue wote adhuhuri. Rubani akikataa kutua kando ya Logipi, msimshurutishe. Ule weupe ni gamba la chumvi, na chini yake ni tope.