CR mmoja afungua, darasa zima lasoma

Kila muhula nikikagua kumbukumbu za Moodle, mfumo wa kuwekea masomo mtandaoni, nakuta yaleyale: somo lina wanachuo zaidi ya mia, faili la mhadhara limefunguliwa na wa kuhesabika. Zamani ningesema wavivu. Siku hizi naanza kwa kumuuliza CR, yaani mwakilishi wa darasa.

Maana CR ndiye anayelipakua, analipunguza ukubwa, kisha analirusha kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Wenzake wanalisoma hukohuko. Mfumo umemwona mmoja, waliosoma ni darasa zima. Ripoti inayopima ujifunzaji mseto (wa darasani na mtandaoni kwa pamoja) kwa kuhesabu walioingia kwenye mfumo tu, mimi siiamini.

Sisi wa fani hii ya teknolojia ya elimu tumekulia kwenye modeli ya Fred Davis ya mwaka 1989: mtu huipokea teknolojia akiiona ina manufaa na haimsumbui. Mwaka 2003 Venkatesh na wenzake, Davis akiwemo, wakaja na UTAUT, modeli pana zaidi ya upokeaji wa teknolojia, ambamo kuna pia ushawishi wa watu na mazingira wezeshi, yaani nyenzo na msaada wa kuitumia. Humo mna jambo linalopitwa haraka mno: manufaa, urahisi na ushawishi hujenga nia ya kutumia, lakini mazingira wezeshi hugusa matumizi moja kwa moja. Mwanachuo atakujazia dodoso kwamba nia anayo, tena kubwa, halafu asiingie kwa kuwa bando limekata. (Na dodoso lenyewe umempa wewe mhadhiri wake, umemsimamia kichwani. Ulitegemea ajibu nini?)

Rekodi ya video ya saa moja hula mamia ya megabaiti, sauti peke yake hula kidogo sana. Nilipoanza kuweka sauti na slaidi, wanaopakua wenyewe waliongezeka, wengi wao usiku wa manane, kwa bando la usiku. Niliwaonyesha pia kwamba programu ya Moodle ya simu huhifadhi somo likasomeka bila intaneti. Wengi hawakuwa wakijua.

Jaribio lenye alama ndilo linalowaleta wote, maana hapo CR hawezi kuwafanyia. Nililifunga saa 5:59 usiku, wakaingia kwa mkupuo dakika za mwisho, mfumo ukaganda, na simu yangu haikulala. Sasa nafunga saa 10 jioni, wakiwa bado kwenye Wi-Fi ya maktaba.