Sungura hakuwa mwalimu wa maadili: dhana potofu kuhusu hadithi zetu

Kila linapozuka zogo kuhusu tamthilia za siku hizi, hakosekani wa kuzililia hadithi za bibi, eti zile ndizo zilizokuwa na maadili. Ukizisoma zenyewe, utakuta mambo mengine.

Dhana: Ngano za zamani zilifundisha uadilifu, za leo zinapotosha.

Sungura anamwalika Buku, yule panya mkubwa, wakale asali ya Simba. Simba anapotokea, Sungura anaomba afungwe ndani ya majani makavu na kutupwa chini, anatimua mbio, na Buku ndiye anayeuawa. Adhabu ya mwizi iko wapi? Haipo. Wasikilizaji walicheka, wakaomba kisa kingine. Kwa maoni yangu, hizi ni hadithi za mnyonge anayeishi chini ya wenye nguvu, na kwa mtu wa namna hiyo ujanja ulikuwa na thamani kuliko ukweli. Kumgeuza Sungura awe mfano wa tabia njema ni kazi ya vitabu vya shule.

Dhana: Kisa cha kale hakibadiliki, sisi ndio tunaokiharibu.

Chukua kisa cha kima na papa, kilichomo katika mkusanyiko wa hadithi za Unguja uliochapishwa London na Edward Steere mwaka 1870. Papa anamchukua rafiki yake kima mgongoni, na wakiwa katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani wa kwao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo ameuacha mtini, basi warudi wakauchukue.

Kisa hiki kilitoka mbali. Katika Panchatantra, mkusanyiko wa ngano za kale za India, rafiki wa majini ni mamba, na anayeutaka moyo ni mkewe. Katika Kalila wa Dimna, kitabu cha ngano cha Kiarabu, mamba amekuwa kobe, lakini mke yupo vilevile. Kilipofika kwa msimuliaji wa Unguja, mke ametoka na sultani ameingia. Tamaa ya nyumbani imekuwa haja ya mtawala, na urafiki unapimwa mbele ya utii. Sitadai kwamba najua alichokusudia msimuliaji yule, ila aliishi katika mji wenye sultani, na wasikilizaji wake hawakuhitaji kuelezwa uzito wa agizo la jumba la kifalme. Hakuna aliyemlaumu kwa kuharibu kisa cha watu.

Dhana: Utendi wa Mwana Kupona unaonyesha jinsi wanawake wote wa zamani walivyoishi.

Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga yapata mwaka 1858 kumuusia binti yake, na sehemu yake kubwa inahusu kumtii na kumtunza mume. Wengi huusoma kama picha ya maisha ya wakati ule. Lakini huu ni wosia, na wosia hutuambia mtoaji alitamani nini. Mama anayeona kila binti anafanya hivyo hivyo hana haja ya kukesha akitunga beti zaidi ya mia moja. Tena, anayeusia ni mwanamke msomi mwenye kauli.

Dhana: Waandishi wa enzi za Ujamaa waliimba wimbo mmoja.

Azimio la Arusha, lililoufanya Ujamaa kuwa siasa ya Tanzania, lilitangazwa 1967. Mwaka 1979 Euphrase Kezilahabi alitoa Gamba la Nyoka, riwaya inayoonyesha wanakijiji wakihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa. Inatosha.

Dhana: Kitabu kikipigwa marufuku, basi kimevunja maadili.

Kezilahabi huyo huyo aliandika Rosa Mistika, iliyotoka 1971. Zakaria anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Msichana anakua chini ya ulinzi mkali, kisha anaingia katika dunia ya shule na wanaume akiwa hajui lolote juu yake, na mwisho anajiua. Riwaya ilipigwa marufuku shuleni kwa kusema wazi mambo ya ngono na utoaji mimba. Wakosoaji walitazama mwenendo wa Rosa, ilhali mwandishi alikuwa anamtazama Zakaria pia, akiuliza kama fimbo ni malezi. Swali hilo lilikuwa gumu kulizungumza hadharani wakati ule. Baadaye riwaya hiyo hiyo ikawekwa mikononi mwa wanafunzi wa sekondari, nao wakatakiwa kuijadili darasani.