Je, wajua kwa nini mukuba (shaba) wa Lubumbashi ulizungukia Ilebo, na bandari ya Lobito iko karibu?

Ukikaa na wazee wa Makomeno, mtaa wa hapa Lubumbashi, kwenye nyumba za zamani za BCK, kampuni ya reli ya wakati wa Wabeleji, hawakosi kukuambia habari za Ilebo. Zamani mukuba unatoka hapa Lubumbashi na treni, karibu 1,600 km, unafika Ilebo, bandari ya mto Kasai, pale wanaushusha kwenye mawagoni wanaupandisha kwenye mashua, unateremka mto Kasai unaingia mto Kongo mpaka Kinshasa, wanaushusha tena, unapanda treni ingine 366 km mpaka Matadi. Mzigo ule ule, unashikwa mara mbili njiani! Na tangu 1931 kulikuwa na reli ya Benguela, unapita Tenke, Dilolo, unaingia Angola mpaka Lobito kwenye bahari bila kushusha hata kipande kimoja, na ni fupi kwa mamia ya kilometa. Sasa taabu yote ile ya nini?

Jibu iko kwenye bei. Wengi tunafikiri bei ya treni inafuata kilometa tu, lakini mwenye reli anaangalia pia mzigo una thamani gani, wagoni itarudi na kitu ao itarudi bure, na zaidi ya yote, wewe mwenye mzigo uko na njia ingine ya kupita? Angalia makaa ya Wankie, kule Rhodesia (Zimbabwe ya leo): yalikuwa yanapanda mpaka kwenye tanuru za Union Minière, kampuni ya migodi ya huku Katanga, halafu mawagoni yanarudi kusini, kuliko kurudi tupu afadhali yabebe mukuba kwa bei ya chini mpaka bandari ya Beira.

Lakini reli ile ya kusini, iliyofika huku 1910, ilikuwa ya Waingereza. Benguela nayo ilipita koloni ya Wareno, na hisa zake karibu zote zilikuwa za Tanganyika Concessions, kampuni ya Robert Williams, ambayo ilikuwa na hisa pia ndani ya Union Minière, mkono mmoja unachimba, mkono mwingine unabeba. Serikali ya Wabeleji haikupenda utajiri wa Katanga ulishe reli za wengine. Njo wakasukuma ile njia yao ya kitaifa, reli ya kutoka Bukama mpaka Ilebo ikaisha 1928, na wakaipa mukuba bei ya upendeleo kule ili urefu wa njia usimuumize mwenye mgodi.

Na mimi naona woga wao ulikuwa na sababu. Mwaka 1975 vita ya Angola ikafunga Benguela, na mukuba mwingi ukabaki kuinamia kusini, kupita nchi za watu mpaka bandari za Afrika Kusini, na mtu mwenye njia moja tu hana nguvu ya kubishana bei.

Leo upande wa Angola reli ilishajengwa upya, ikafunguliwa 2015 mpaka Luau, pale mpakani na Dilolo, na 2022 makampuni ya Trafigura, Mota-Engil na Vecturis wakapewa kuiendesha miaka 30. Shida ni huku kwetu, reli ya SNCC, kampuni ya reli ya serikali ya Kongo, imechoka sana, treni inatembea polepole inauma roho. Nenda barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, uone makamyo yamefuatana, sahani za mukuba zimefungwa nyuma kwa minyororo. Mwenye mgodi anahesabu siku, si franka peke yake, na kama treni inachelewa kufika Dilolo, umpe bei ya chini namna gani, mzigo wake ataweka kwenye kamyo.