Anainukaje kutoka kwenye mkeka?

Aliyegundua alikuwa bibi yake, huko Mji wa Kale. Mtoto alikuwa na miaka mitano, akisali kando ya bibi, na kila akitoka kwenye sijida alitanguliza makalio juu, akashika magoti, akashika mapaja, akajipanda mwenyewe kama mtu anayekwea mnazi mpaka akanyooka. Bibi alidhani ni mchezo, akamkemea. Siku ya tatu aliacha kukemea, akamleta kwangu.

Kuinuka huko kunaitwa dalili ya Gowers, kwa jina la daktari Mwingereza aliyeieleza mwaka 1879. Misuli ya nyonga na mapaja haina nguvu ya kuunyoosha mwili, basi mikono inasaidia kazi ya miguu. Nikiiona dalili hiyo kwa mvulana mdogo, na mashavu ya miguu yake ni manene na magumu, ninachowaza kwanza ni ugonjwa wa misuli wa Duchenne.

Mwili wa mtoto huyu hautengenezi distrofini, protini inayoshikilia utando wa chembe za msuli. Bila hiyo, utando huchanika kila msuli unapofanya kazi. Mwili huziba, huziba tena, halafu uwezo wa kuziba unaisha, na palipokuwa na nyama panakaa mafuta na makovu. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, ambayo mvulana anayo moja tu, kutoka kwa mama, ndiyo maana karibu wagonjwa wote ni wavulana, takriban 1 kati ya 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Hapo ndipo mama huanza kuangaliwa vibaya nyumbani. Mimi husema baba akiwa amekaa papo hapo: karibu theluthi moja ya watoto hawa hawakurithi kwa mama, hitilafu imeanza kwao wenyewe. Na aliyerithisha naye hakuichagua.

Kuna wanaofika wakiwa wametibiwa ini kwa miezi. Vimeng'enya vya ALT na AST vinavyopimwa kwa ajili ya ini vimo pia kwenye misuli, na msuli unaochanika huvimwaga kwenye damu. Kipimo cha damu cha CK, kimeng'enya cha misuli, kingezua shaka mapema.

Lakini kinachonisumbua zaidi katika kazi hii ni miaka mizuri. Kati ya miaka minne na sita au saba, mtoto mwenye Duchenne anaweza kuendelea vizuri kabisa. Anakua, ubongo unajifunza, na ukuaji unaishinda hasara ya misuli kwa muda. Mjukuu wa yule bibi alikuwa akiinuka kwa sekunde 6. Mwaka mmoja baadaye, sekunde 4. Nyumbani walisifu mafuta ya ufuta na kombe alilonyweshwa. Mimi, kusema kweli, nilisifu mazoezi yangu. Sote tulikuwa tunasifu umri.

Ndiyo sababu nawapima kila miezi sita hata wakionekana wazima. Kuna kipimo cha vitendo 17, alama 34: kusimama kwa mguu mmoja, kuruka, kupanda kibao, kuinua kichwa akiwa amelala. Nami nashika saa anapoinuka sakafuni na anapokimbia mita 10 kwenye korido. Hizo mita 10 zikianza kumchukua sekunde 9 au 10, nazungumza na wazazi kuhusu kiti cha magurudumu, ingawa mtoto ameingia kwa miguu yake na wananitazama kama niliyemtabiria mabaya.

Kwa kawaida kuinuka sakafuni ndiko kunakotangulia kupotea, kisha ngazi, kisha kutembea. Bila dawa za steroidi, wengi huacha kutembea kabla ya miaka 13. Halafu mikono inashindwa kwenda juu ya kichwa, baadaye hata kufika mdomoni, ilhali vidole hubaki na kazi muda mrefu. Kifua na moyo hufuatiliwa tangu mapema. Moyo hausubiri miguu ichoke. Steroidi huongeza miaka kadhaa ya kutembea na huchelewesha mgongo kupinda. Ila zisikatizwe ghafla. Familia moja ilisafiri kwenda Lamu ikasahau dawa nyumbani, na nilipopigiwa simu niliwaambia waende hospitali ya karibu siku ileile, wasingoje kurudi.

Mazoezi je? Kunyoosha kifundo cha mguu kila siku ili kisigino kisivutwe juu, na kucheza majini, kwa kuwa maji yanaubeba mwili. Mambo ya vyuma sitaki kuyasikia. Na ngazi zile za mbao za nyumba zetu za zamani, ambazo mtu mzima mwenyewe anashuka akishika ukuta: kushuka kunaumiza kuliko kupanda, kwa sababu msuli unajikaza huku unavutwa. Wazazi wengi hudhani kinyume, wanambeba akipanda na kumwachia ashuke mwenyewe.

Mjukuu sasa anakaribia miaka minane. Mara iliyopita aliinuka kwa sekunde 5, safari hii 7 na ushee. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia bibi kuhusu chumba cha juu.

“Kitanda tumeshakiteremsha, daktari,” akaniambia. “Tangu Ramadhani.”