Vitamini haziponyi kisukari
Wengi huamini kwamba mwenye kisukari akimeza vitamini kwa wingi, sukari itashuka na dawa ataziacha. Sivyo. Mwaka 2019 utafiti wa Marekani kwa watu 2,423 waliokaribia kupata kisukari ulionyesha kuwa vitamini D ya kila siku haikupunguza hatari hiyo kwa kiwango cha kutegemewa.

Lipo jambo moja, hata hivyo, ninalotamani lisemwe zaidi kliniki. Metformini, dawa ya kumeza ya kushusha sukari, ikitumiwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Ganzi na nyayo kuwaka moto hudhaniwa ni kisukari tu, kumbe wakati mwingine ni upungufu huo, nao hutibika kwa vidonge au sindano. Metformini usiiache, mwombe daktari akupime damu.