Kufungua boksi la ubao mama: ninayoyakagua kabla ya kushika bisibisi

Boksi la ubao mama, yaani ubao mkuu wa kompyuta unaounganisha vijenzi vyake vyote, au mazabodi kama mafundi tulivyozoea kuiita, hupambwa upande wa mbele kwa picha na majina makubwa, lakini mimi huligeuza kwanza nikasome kibandiko cha ubavuni. Hapo ndipo ninapothibitisha aina ya soketi inapokaa prosesa, aina ya memori na ukubwa wa ubao, ambao kwa umbo la kawaida la ATX ni milimita 305 kwa 244, na kwa umbo dogo la Mini-ITX ni milimita 170 kwa 170. Namba tambulishi ya kibandiko hicho huilinganisha na ile iliyo kwenye ubao wenyewe, kwani bidhaa iliyowahi kurudishwa huweza kuuzwa tena ikiwa katika boksi lisilo lake.

Ndani ya boksi, ubao huwa umevishwa mfuko wa kuukinga na umeme tuli, na rangi ya mfuko huo ina maana. Mfuko wa rangi ya fedha una tabaka jembamba la metali linaloukinga ubao na cheche itokayo nje, ilhali ule wa waridi haukingi cheche hiyo, bali wenyewe tu hauzalishi umeme tuli kwa msuguano. Ubao uliokuja na mfuko wa waridi peke yake huupunguzia alama, hata kama boksi lake ni la kifahari. Mtu kwa kawaida hahisi cheche iliyo chini ya volti 3,000 hivi, na vipo vijenzi vinavyoharibika kwa volti zisizofika 100. Wapo wanaouweka ubao juu ya mfuko huo na kuuwasha kwa majaribio. Mimi hutumia kadibodi ya boksi, kwa sababu uso wa nje wa mfuko wa fedha unaweza kupitisha umeme.

Muda mwingi zaidi huutumia kwenye soketi. Katika soketi za LGA, kama AM5 ya kampuni ya AMD yenye pini 1,718, pini ziko kwenye ubao na si kwenye prosesa, hivyo kifuniko cha plastiki kinachozifunika ndicho kinga yao ya pekee. Hukiondoa, nikamulika tochi kwa mshazari na kutazama safu za pini: zilizo sawa hung'aa kwa mpangilio mmoja, na palipopinda mng'ao hukatika. Hupiga picha hapo hapo, kisha kifuniko nakihifadhi, maana watengenezaji wengi huutaka ubao urudishwe nacho wakati wa kudai dhamana.

Kuhusu vifaa vya ziada, stika hazinishughulishi. Kebo mbili za SATA, za kuunganishia diski, zinatosha, antena za Wi-Fi ni lazima ziwemo ikiwa ubao una Wi-Fi, na bati la matundu ya nyuma ni heri liwe limeshikizwa kwenye ubao tangu kiwandani. Kinachonikera ni kukosekana kwa skrubu ya M.2, ile inayoishikiza diski ndogo bapa kwenye ubao. Niliwahi kufungua ubao wa bei ya juu uliojaa mapambo, nikapekua kila kifuko nisiione, na diski ikakaa siku mbili mezani ikisubiri kichuma kidogo kuliko punje ya mchele.