Fuller, Tucker na Walker: kazi moja, majina matatu

Waliopita Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, pale Mukono, wanalijua jina Tucker, kwa kuwa chuo kilichotangulia hapo kiliitwa kwa jina la Askofu Alfred Tucker. Mmisionari mwenzake aliitwa Robert Walker. Kwa masikio majina hayo hayahusiani, lakini yote mawili yametokana na kazi ya kukanyaga vitambaa vya sufu.

Sufu ikitoka kwa mfumaji huwa imelegea, ina uchafu na mafuta ya kondoo. Katika Uingereza ya enzi za kati ilitumbukizwa kwenye hori lenye maji na mkojo uliochacha, maana amonia iliyomo hukata mafuta. Ukaongezwa udongo laini unaofyonza mafuta, kisha mtu akaingia pekupeku, akakanyaga kwa saa nyingi. Nyuzi zikashikana, kitambaa kikasinyaa na kuwa kizito kiasi cha kuzuia baridi. Baadaye kilisuuzwa, kikawambwa kwenye viunzi vyenye ndoano kama ngozi ya ngoma, la sivyo kingekauka kikiwa kimepinda. Vinu vya maji vyenye nyundo za mbao vilipoingia, miguu ilipumzika ila jina la kazi halikubadilika.

Kila upande ulikuwa na neno lake. Kusini-mashariki, kuanzia Sussex na Kent hadi Suffolk, mkanyagaji aliitwa fuller, neno lenye asili ya Kilatini. Devon na Somerset walisema tucker, kutokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kutesa: kitambaa kiliteswa kweli. Yorkshire, Lancashire na Uskoti walisema walker, yaani mkanyagaji. Majina ya kazi yalipogeuka kuwa ya kurithi, kila eneo lilibaki na lake, na sensa ya 1881 bado inaonyesha mgawanyo huo waziwazi. Mjini Exeter, Devon, jumba la chama cha mafundi hao, Tuckers Hall, lipo tangu 1471.

Ukitaka kufuatilia ukoo, anza na mtu unayemjua urudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Vyeti vya serikali vya England na Wales vinaanzia Julai 1837. Kabla ya hapo tegemea vitabu vya parokia vya ubatizo, ndoa na mazishi, ambavyo makanisa yaliagizwa kuviandika mwaka 1538. Sensa ya 1931 usiisumbukie, iliteketea kwa moto mwaka 1942. Tafuta pia tahajia kama Toker na Tooker, kwani karani aliandika alivyosikia.

Kosa kubwa ni kudhani kila Walker ni ndugu. Wakanyagaji walikuwa wengi, kila mmoja na ukoo wake. Baadhi ya akina Tucker wa Ireland walikuwa na jina la Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, lililofanywa la Kiingereza. Nchini Marekani, Walker lilikuwa jina la ukoo la 31 kwa wingi katika sensa ya 2010, na sehemu kubwa ya walio nalo ni Wamarekani weusi ambao mababu zao walikuwa watumwa. Kwao, ramani ya Yorkshire haitasaidia. Kumbukumbu za kutafuta ni za wilaya walikoachiwa huru, hasa sensa ya 1870, ya kwanza kuandika majina ya wote waliokuwa watumwa.